Samoni Hupita Karibu na Miguu Yako

Shikamooni wazee wangu. Vijana, mambo? Nimeombwa niseme na mtu asiye na mashua anayetaka kuvua samoni hapa jimbo la Washington, Marekani, na naanza na jambo moja ambalo likiwakaa vizuri, mengi yatafuata yenyewe: mtoni, samoni hapendi kupita katikati. Hupita kando.

Fikirieni safari yake. Ametoka baharini, ameingia mdomo wa mto Puyallup pale Tacoma, na tangu aingie maji baridi hali tena. Mafuta aliyokuja nayo mwilini ndiyo akiba yake yote. Ni lazima yamfikishe mazalioni, atage, kisha afe. Wenzetu wa Kisumu na Musoma mnamjua ningu, anayepanda mito ya Ziwa Victoria mvua zikianza. Lakini ningu hurudi ziwani, samoni wa huku harudi. Samaki wa hivyo hapigani na mkondo bure. Hutafuta maji yaliyolegea: nyuma ya jiwe, chini ya gogo, na hasa ule mstari ambapo maji ya kasi yanasuguana na maji ya polepole. Mstari huo mara nyingi uko hatua chache kutoka unaposimama. Na sisi tukifika tunafanya nini? Tunavaa buti, tunaingia mpaka mapajani, tunawakanyaga, halafu tunarusha chambo ng'ambo kabisa! Kwa hiyo ukifika, simama nyuma kidogo kwanza. Vaa miwani ya jua ile inayokata mng'ao wa maji, utazame. Mirusho ya kwanza iwe mifupi.

Nani avuliwe kwanza? Pinki. Kuna samoni wa aina tano upande huu wa Pasifiki: chinuki, koho, sokai, chamu na pinki, ambaye ndiye mdogo kuliko wote. Huishi miaka miwili tu, na katika mito yetu inayoingia ghuba ya Puget Sound hupanda kwa wingi miaka ya witiri: 2023, 2025, 2027. Agosti na Septemba wanajaa, na hawachagui sana chambo. Kinachochekesha ni kwamba wanapenda rangi ya pinki. Mwaka wa shufwa, mngoje koho kuanzia Septemba, kisha chamu Novemba, ambaye ana nguvu za kukuvunjia ufito.

Vifaa sitavikalia muda mrefu, maana dukani watawaelezea mpaka mchoke, na kuwauzia visivyohitajika. Ufito wa futi 8 na nusu hivi, rili ya kawaida, uzi wa kusokotwa wa pauni 30, na mbele yake kipande cha nailoni cha pauni 12 hadi 15. Chambo bandia cha chuma, kile chenye kibati kinachozunguka. Koleo la kuchomolea ndoano. Mito mingi hapa inataka ndoano isiyo na kile kimwiba cha nyuma. Kibane kwa koleo kabla hujaondoka nyumbani.

Sasa kurusha. Rusha ukielekea juu ya mto kidogo, acha chambo kizame ukihesabu moja, mbili, tatu, ndipo uvute. Vuta polepole kuliko unavyodhani inafaa. Kibati kikizunguka sawasawa utausikia mtetemo kwenye ncha ya ufito, tu-tu-tu-tu. Mtetemo ukipotea, chambo kimegusa jani au umevuta taratibu mno. Kila mara chambo kiguse changarawe chini, kwa sababu samaki asiyekula hatapanda juu kufuata chakula. Yeye hung'ata kwa hasira, au kwa mazoea ya baharini, kitu kikimpita puani. Basi kazi yako ni kumpitishia puani.

Wapwani hapa mna faida moja: mnajua kujaa na kupwa. Pinki huingia mtoni na maji yanayojaa, kwa hiyo karibu na mdomo tazama majira ya bahari kabla ya saa yako. Puyallup pia hunywa barafu ya Mlima Rainier. Siku za joto kali barafu huyeyuka na mto kugeuka rangi ya uji wa majivu, samaki asione kitu. Nenda alfajiri, au nenda mto mwingine.

Sheria. Hapa naomba tusikilizane. Leseni ni lazima, pamoja na kadi ya kuandikia samaki. Mtoto wa chini ya miaka 15 hahitaji leseni ya kulipia, ila kadi anaihitaji. Ukiamua kumchukua samoni, unamwandika palepale, kabla ya kurusha tena. Kwa hiyo beba kalamu. Samaki aliyenaswa ubavuni au mkiani, yaani popote pasipo mdomo au kichwa, anarudishwa. Mtaona watu wanaovuta ndoano kwa nguvu ya ghafla makusudi ili imnase samaki popote. Huo ni wizi, hata kama wanaufanya wakicheka.

Halafu kuna pezi dogo la nyama, kama ncha ya kidole cha mwisho, kati ya pezi la mgongo na mkia. Samaki wa kituo cha kuzalishia hukatwa pezi hilo akiwa mdogo; ukikuta kovu lililopona, ametoka huko. Mahali pengi chinuki aliye nalo hurudishwa, na hairuhusiwi kumtoa majini hata kwa ajili ya picha. Pinki kwa kawaida hawakatwi, kwa hiyo usijichanganye. Soma kanuni za mto wako asubuhi unapoondoka, kwa sababu hubadilika katikati ya msimu.

Mtakuta pia siku mto umefungwa kwenu, na nyavu za Wahindi Wekundu wenyeji zimetandazwa. Watu ukingoni hunung'unika. Msinung'unike nao. Makabila haya yalitia saini mkataba wa Medicine Creek mwaka 1854, yakaachia ardhi na kubakiza haki ya kuvua. Walikamatwa miaka mingi kwa kutumia haki hiyo, akiwemo Billy Frank Jr. wa kabila la Wanisqually, mpaka jaji George Boldt alipoamua mwaka 1974 kwamba nusu ya samaki wanaoweza kuvuliwa ni yao. Sisi tulioingia juzi hatuna la kulalamikia.

Msimu wa pinki ukingo hujaa, bega kwa bega. Rusha kwa zamu na jirani yako. Mtu akipiga kelele kwamba amenasa, vuta uzi wako umpishe. Na ukivaa suruali ya mpira, funga mkanda kiunoni ukaze. Ukiteleza bila mkanda, maji yale ya barafu yanaijaza mara moja. Asiyejua kuogelea asiingie kabisa. Samaki wako kando, nimeshasema.

Kijana pale anauliza kuhusu mto Duwamish, ule wa Seattle. Sehemu ya chini ya mto ule iliwekwa mwaka 2001 kwenye orodha ya serikali ya maeneo yenye sumu. Kaa, chaza na samaki wanaoishi pale mwaka mzima msile. Koho, pinki na chamu wanapita tu wakitoka baharini, hao ndio wa kuchagua.

Mama anauliza kama yule pinki dume mweusi mwenye kibiongo analiwa. Analiwa, ila nyama imeshalegea na kupauka. Chagua anayeng'aa kama fedha, mkate mashavu palepale atoke damu, mtie kwenye barafu. Na usimkaange, mama, atakutawanyikia ukimgeuza. Mtie kwenye mchuzi wa nazi dakika za mwisho, ndimu ije baadaye.