Saa Nane Mchana Utakuwa Wapi?

(Mazungumzo na wastaafu watarajiwa, Dodoma, mwezi wa Oktoba)

Shikamooni wakubwa zangu. Wadogo zangu, habari za mchana. Na wenyeji wetu, mbukwenyi!

Mwenyekiti amenipanga baada ya chakula, na wote mnajua maana yake. Ubwabwa umeshuka, feni inajizungusha kwa kulazimishwa, nje jua limesimama utosini. Atakayesinzia sitamlaumu. Atakayekoroma nitamwamsha, maana nimeandaa.

Asubuhi mmefundishwa habari za fedha, na mmefundishwa vizuri. Miaka 55 kwa hiari, 60 kwa lazima. Mifuko minne ya pensheni iliyounganishwa mwaka 2018 ikawa PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma. Kikokotoo nacho, ile hesabu ya mafao, kimeulizwa mpaka mtoa mada akaomba maji. Mimi nina swali moja tu, tena dogo. Umeshastaafu. Ni Jumanne, mwezi kama huu, saa nane mchana. Unafanya nini?

Nimewauliza wengi. Mmoja ananijibu, "Nitafuga kuku." Sawa. Kuku wanalishwa asubuhi na jioni. Saa nane wenyewe wako chini ya mti, midomo wazi, wanahema. Mwingine, "Nitalima zabibu." Vizuri sana, lakini nenda shamba lolote la zabibu hapa Dodoma saa nane mchana wa Oktoba uone kama utamkuta mwenyewe. Alifika alfajiri, akaondoka jua lilipoanza kuuma. Wa tatu anasema, "Nitapumzika." Huyu ndiye ninayemwogopa.

Nilikuwa na jirani aliyestaafu. Kila asubuhi alivaa shati lake la kazini, akachomekea, akakaa barazani. Kufika mchana ananipigia simu masjala: "Mama, hakuna barua yangu hapo?" Hakuna, kaka. Kesho yake tena. Pesa alikuwa nayo, nyumba alikuwa nayo. Kilichomshinda ni mchana.

Mimi nimebakiza mwaka mmoja na miezi minne. Nahesabu, sifichi. Na mchana wangu nimeshaupata, ndiyo sababu nimeitwa hapa: nashona viraka. (Kicheko.) Chekeni tu. Hata shemeji yangu alicheka, leo anadai shuka lake.

Mimi ni mtu wa Pangani. Kule bibi yangu alikuwa na mfarishi, tandiko nene la vitambaa vilivyoungwaungwa, ndani mmejazwa sufi. Sisi watoto tuliugombania. Hapa watu wengi neno hilo hawalitumii, wanasema shuka la viraka, na ni hilohilo. Nilihamia Dodoma mwaka 2017 na wizara, baada ya serikali kutangaza kuhama mwaka 2016. Joto la pwani nililijua: unatoka jasho, unaoga, unatoka jasho. Hili la huku ni kavu, linakupasua midomo. Tena nikadanganyika nikadhani ni joto mwaka mzima. Ulipofika mwezi wa sita ukaja ule upepo wa usiku, ndugu zangu, nililala na soksi. Hapo ndipo nilipomkumbuka bibi.

Mvua huku inaanza kama Desemba, ikifika Aprili imekwisha. Inayobaki yote ni kiangazi, kinachoanza na baridi na kuishia na joto hili. Kwa hiyo mchana wa Oktoba nashona kitu nitakachokihitaji Juni. Napenda hivyo. Wakati umepasuka kwa joto, mkono wako unashika baridi inayokuja.

Shuka la kwanza niliharibu. Nilikuwa na kanga nyekundu mpya, nikaichanganya na mashuka meupe ya zamani, nikashona wiki tano. Nilipolifua mara ya kwanza, nyekundu ikachuja, nyeupe yote ikawa rangi ya juisi ya rozela. Na kanga ikarudi, yaani ikanywea, kila mshono ukajikunja kama uso wa mtu aliyelamba ukwaju. Sasa najua: kitambaa chochote cha pamba kinafuliwa kabla ya mkasi kukigusa. Ukiwa na shaka na rangi, kiloweshe, kiminye kwenye kitambaa cheupe. Kikiacha alama, kirudishe kwenye ndoo.

Baada ya hapo ni boksi la viatu. Kata kipande cha mraba, sentimita 17 kila upande, hicho ndicho kipimo chako. Ukitoa sentimita moja ya mshono pande zote, kinabaki 15. Shuka la mita 1.8 kwa 2.1 linataka vipande 12 upana na 14 urefu, jumla 168. Mnaguna? Shoneni vinne kwa siku. Siku 42. Sisi ni watumishi wa umma, kazi ya siku 42 tunaiweza. Unaunga safu moja, unapiga pasi mishono yote ilale upande mmoja, safu inayofuata unailaza upande wa pili, ili zikikutana pasiwe na kinundu. Katikati mimi natia blanketi kuukuu, chini natandika kanga. Halafu napitisha sindano ya mkono tabaka zote tatu, ili blanketi lisije likakusanyika pembeni. Cherehani ya miguu inafaa kuunganisha vipande. Hii kazi ya mwisho naifanya kwa mkono, chini ya mwarobaini. Hiyo ndiyo saa nane yangu.

Vitambaa mnavyo. Fungueni makabati: fulana za Mei Mosi za miaka 20, vitenge vya sare ya tarehe 8 Machi, sare za harusi za watu walioshaachana. Fulana inavutika, ishikizwe na kitambaa kigumu nyuma kabla ya kuishona. Na kanga, angalieni jina. Mimi nilikata bila kusoma, sasa kwenye kona ya kitanda changu pameandikwa HAUOZI. Wema umebaki mahali pengine. Wifi yangu aliketi hapo akauliza, "Nini hicho kisichooza?"

Na msidhani kitambaa ni kitu kidogo katika ardhi hii. Karne ya 19 misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita Ugogo, na haikupita bure. Nchi ni kavu, maji yako kwenye visima vya wenyeji, hivyo watemi wa Kigogo walitoza hongo, yaani ushuru wa kupita, na hongo ililipwa kwa nguo: kaniki, na merikani, ile nguo ya pamba iliyoletwa kutoka viwanda vya Marekani na kuacha jina la nchi yake kwenye lugha yetu. Nguo ndiyo iliyokuwa hela. Sisi leo tunadekia nazo.

Kuna watu wanaitwa Siddi, wako India, jimbo la Karnataka. Asili yao ni Afrika. Wahenga wao wengi walipelekwa kule utumwani. Wanawake wao wanashona mifarishi ya nguo kuukuu inayoitwa kawandi. Hawaanzi katikati, wanaanza pembeni, wanazunguka na sindano mpaka wakutane kati. Kwenye kona wanatia vitambaa vilivyokunjwa, wanaviita maua, na mfarishi usio na maua kwao uko uchi. Nilijaribu. Pembeni nilifika, katikati nikapotea.

Sasa najua mtaniuliza: unauza shilingi ngapi? Siuzi. Katika semina hizi kila kitu kinageuzwa mradi, mpaka mtu anaogopa kuwa na kitu anachokipenda bila kukipigia hesabu. Anayetaka kuuza auze, simzuii. Lakini nimetumikia daftari la kuingiza na kutoa kwa miaka 30 na zaidi. La kwangu hili halina daftari.

Mfuko ule pale mlangoni ni wangu. Kina kaka na kina dada, kila mmoja achukue vipande viwili, sindano na uzi. Uzi ni wa kutosha, sindano mnirudishie. Kaka yangu wa nyuma unayeangalia saa, unaona ngapi? Saa nane na dakika tano. Njoo uanze wewe.