Nimetoka Kwenye Uzinduzi wa Ramu Bristol, Nimekuja Kuitafuta Miwa ya Pangani

Assalamu alaikum, watu wa nyumbani. Ngamiani, Chumbageni, Raskazone, Muheza, wote nawasalimu. Na nyinyi wa hapa hapa Pangani mlioniona tangu asubuhi natembea na kamera kando ya mto, mkaniuliza narekodi nini, sasa nawajibu.

Tangu nilipoweka mtandaoni ile picha ya mapipa ya ramu, pombe kali ya muwa, simu yangu haijapumzika. Mashangazi ndio usiseme. "Mwanangu, Uingereza imeshakubadilisha?" La, shangazi. Sinywi, na siku ile sikunywa. Nilialikwa na mtu ninayefanya naye kazi Bristol. Shemeji yake ndiye aliyefungua kiwanda kidogo cha ramu, na ile ilikuwa hafla ya kuizindua. Nilikwenda kwa sababu nilitaka kuona kwa macho yangu muwa unavyopita mpaka ukawa kile kitu. Sisi tumekua tunaguguna miwa. Juisi yake tunakamuliwa pale barabarani kwa tangawizi na ndimu. Lakini safari yake nyingine yote hatuioni.

Sherehe yenyewe nitaipita haraka, maana sherehe ni sherehe. Ghala la zamani karibu na bandari, muziki, watu wamependeza, chupa zimepangwa kila moja na nembo ya jahazi kubwa la Kizungu lenye matanga matatu. Hotuba, makofi, glasi zikaanza kuzunguka. Mimi nikapewa juisi ya nanasi, nikasogea kwenye mtambo.

Hapo nilikaa sana. Mpishi wa ile ramu ni mama mmoja mpole, akaona nauliza maswali, akaniita. Alinionyesha kwanza bakuli la molasesi. Wengi wenu mnaijua, ndiyo ile wafugaji wanachanganyia chakula cha ng'ombe. Sukari ikishaganda na kutolewa kiwandani, kinachobaki ni hicho kitu cheusi kizito. Nikachovya kidole, nikaonja. Tamu, halafu chungu kwa nyuma, kama kashata iliyoungulia chini ya sufuria.

Basi wanaichanganya na maji, wanatia hamira, wanaiacha ichache siku kadhaa. Kisha inaingia kwenye mtambo wa shaba, inachemshwa, mvuke unapanda, unapozwa, unarudi kuwa majimaji. Ya mwanzo kabisa wanaitenga, ya mwisho nayo wanaitenga, wanachukua ya katikati. Na inatoka haina rangi hata kidogo. Ile hudhurungi mnayoiona kwenye chupa nyingine inatokana na pipa la mti wa mwaloni, ndani limechomwa moto, na mara nyingine wanaongeza sukari iliyounguzwa. Walichozindua siku ile ni nyeupe. Ya mapipani bado changa, wameiacha ikae miaka. Akaniambia kila mwaka kiasi fulani kinapotea, kinapenya kwenye mbao na kwenda hewani, na Barbados au Jamaica, kwenye joto, inapotea haraka zaidi kuliko Uingereza.

Akanipa glasi ninuse tu. Ndizi! Ndizi zilizoiva sana, zile zinazokaribia kuharibika. Nikamwambia, akafurahi, akasema sawasawa kabisa, hamira ndiyo inayotengeneza harufu ile, na Wajamaika wana sifa ya kuiacha ichache muda mrefu ili harufu ikolee. Martinique, kisiwa cha Karibi kilicho chini ya Ufaransa, wengi wao hawatumii molasesi. Wanatumia juisi mbichi ya muwa, ile ile tunayokunywa sisi, na tangu mwaka 1996 jina la ramu yao linalindwa kwa sheria za Ufaransa.

Ndipo nikamuuliza swali lililonileta hapa. Nikamwambia, mama, miwa hii ilikatwa wapi, na nani? Akanyamaza kidogo, akanijibu kwa ukweli. Wananunua molasesi kwa dalali. Inakuja kwa meli, imechanganywa kutoka nchi mbalimbali. Shamba hawalijui. Namheshimu kwa jibu lile, maana angeweza kunipamba.

Lakini fikirieni, ndugu zangu, jibu lile nimepewa Bristol. Mji ule ulitoa zaidi ya safari 2,000 za meli za watumwa, kutoka mwisho wa miaka ya 1690 mpaka mwaka 1807. Meli zikienda Afrika Magharibi, kisha visiwa vya Karibi, zikirudi na sukari na ramu. Ipo nyumba pale ambayo sasa ni makumbusho, ilikuwa ya tajiri wa miwa ya kisiwa cha Nevis, John Pinney, na mtumwa wake aliitwa Pero. Leo kuna daraja la waenda kwa miguu bandarini limepewa jina la Pero, tangu mwaka 1999. Sanamu ya Edward Colston, mfanyabiashara wa watumwa, waandamanaji waliiangusha wakaitupa majini tarehe 7 Juni 2020. Kwa hiyo watu wa kule wanabishana, wanagombana, lakini wanalizungumza. Halafu ndani ya ghala lile, chini ya nembo ya jahazi, hotuba nzima ikapita na hakuna aliyetaja mkono uliokata muwa.

Iliniuma. Na nikiwa njiani kurudi nyumbani usiku ule nikajiuliza, na sisi Pangani je?

Maana sisi tulikuwa mji wa sukari. Karne ya 19, bonde lote hili la chini la mto lilikuwa na mashamba ya miwa, wenyewe Waarabu na baadhi ya wenyeji wakubwa, vinu vinakamua, masufuria yanachemka, sukari inapakiwa majahazini. Na wanaofanya kazi ile ni watumwa.

Hapa ndipo nataka mnisikilize. Mgeni akija Pangani, au Bagamoyo, anasimuliwa kwamba watumwa walipitishwa hapa. Walitoka bara, wakafungwa, wakapakiwa, wakapelekwa Unguja. Ni kweli. Lakini si wote waliopita. Wengi walibaki. Mwaka 1873 Sultani Barghash alipotia saini mkataba wa kupiga marufuku kusafirisha watumwa kwa bahari, misafara kutoka bara haikusimama, na watu wale wakaishia kwenye mashamba ya huku huku pwani, miwa ikiwemo. Walikata miwa, walizaa, walizikwa hapa. Wengine walitoroka, wakaanzisha vijiji vyao vya watoro, wakajilinda. Utumwa kisheria ulifutwa Tanganyika mwaka 1922. Sasa tukisema "walipita", tunawafuta watu ambao sisi wenyewe, wengi wetu, ni wajukuu zao.

Na Bushiri. Najua hapa nitaguswa na wazee, nawaomba radhi kabla. Abushiri bin Salim ni shujaa wetu, aliongoza watu wa pwani kupigana na Wajerumani kuanzia mwaka 1888, wakamnyonga hapa hapa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Lakini huyo huyo alikuwa na shamba la miwa. Mimi sioni tabu kuyasema yote mawili. Mtoto wa shule anaweza kuyabeba yote mawili, tusimnyime moja.

Baadaye miwa ikafifia na mkonge ukashika, tena mkonge wenyewe ulianzia hapa Kikogwe, mwaka 1893, miche 62 tu iliyonusurika safarini. Hiyo nitaitengenezea video yake.

Kuna kijana wa Korogwe ameniuliza kama na sisi tunaweza kutengeneza ramu Tanga, maana miwa ipo. Kijana wangu, kwa ufundi hakuna kinachoshindikana. Wazee wa Lushoto wana boha, pombe yao ya miwa, tangu zamani. Lakini kuchachusha ni jambo moja na kukeneka, yaani kuchemsha na kukusanya mvuke wake, ni jambo jingine. Sheria ya moshi, yaani pombe kali ya kukeneka kienyeji, ni ya mwaka 1966, bila leseni unakamatwa kwa gongo, na viroba umeona vilivyopigwa marufuku Machi 2017. Na pombe ya mtaani iliyochanganywa spiriti ya viwandani inapofusha watu macho, inaua. Usijaribu nyuma ya nyumba. Ukitaka biashara ya muwa, mimi naona sukari guru ina soko zuri, na haina ugomvi na mtu.

Sasa kilichonileta. Nipo Pangani kwa likizo, na nataka kujua vinu vilikuwa wapi. Mwenye babu au bibi anayekumbuka jina la shamba, jina la kijiji cha watoro, mahali ambapo jembe limewahi kugonga sufuria kubwa la chuma, au wimbo tu uliokuwa ukiimbwa wakati wa kukata miwa, anitafute. Nitakuja mwenyewe, nitakaa chini, nitarekodi kwa idhini yake. Asiyetaka kuonyeshwa uso, nitachukua sauti tu. Nakala ya kila mazungumzo itabaki kwa familia, nyingine nitaipeleka shuleni kwa mwalimu wa historia.

Na yule mama wa Bristol nimeshamwandikia. Nimemwomba, toleo lijalo la chupa, pale nyuma ya nembo ambapo wameandika harufu ya ndizi na mwaloni, aweke mistari miwili kuhusu waliokata miwa zamani. Amenijibu niiandike mimi, ataisoma. Naianza wiki hii, na nitawasomea hapa kabla sijamtumia.

Kesho asubuhi navuka na pantoni kwenda Bweni, kuna mzee ameniahidi kunipeleka kwenye mawe ya kinu. Nikiyakuta, mtayaona.