Anayetajwa Mapema: Warepublican na Mbio za Uteuzi

Asante mwenyekiti, na asanteni ninyi mlioacha mpira jioni hii mkaja kusikiliza siasa za watu wengine. Nimeombwa nizungumzie tabia ya Warepublican wa Marekani ya kuanza kutaja wagombea urais miaka miwili, hata mitatu, kabla ya mchujo, yaani kura za majimbo zinazochagua mgombea wa chama. Nianze na mtu ambaye pengine wengi wenu hamjawahi kumsikia.

Mwanzoni mwa 2006, ukiwauliza wajuzi wa Washington wahafidhina watamsimamisha nani 2008, hukosi kutajiwa George Allen, seneta wa Virginia. Alishakuwa gavana, anapenda kodi ndogo, anamtaja Rais wa zamani Ronald Reagan kila akipata nafasi. Ilibaki atetee kiti chake Novemba, na wengi waliona atapita bila jasho. Agosti, katika mkutano wa kampeni, akamtolea jina la dharau kijana mwenye asili ya India aliyekuwa akimrekodi. Video ikasambaa. Novemba mpinzani wake, Jim Webb, akamshinda kwa kura zisizofika 10,000, na habari za urais zikaishia hapo.

Uvumi ukahamia kwa wengine. Rudy Giuliani, meya wa New York wakati wa mashambulizi ya Septemba 11, akaongoza tafiti za maoni za kitaifa karibu mwaka mzima wa 2007. Fred Thompson, seneta wa zamani na mwigizaji wa televisheni, alingojewa kwa hamu kubwa. Alipojitosa Septemba, hamu ikapoa. John McCain, seneta wa Arizona, Julai ile kampeni yake ilikuwa imekaukiwa fedha, wasaidizi wake wakuu wameondoka, na waandishi wameshamfanyia matanga. Januari 2008 McCain akachukua majimbo ya mwanzo ya mchujo, New Hampshire na South Carolina, kisha Florida, jimbo ambalo Giuliani alilitegemea kuliko yote. Giuliani alitoka wa tatu.

Naona baadhi yenu mnacheka. Mnajisemea: kumbe ni porojo tupu! Hapana, jamani, msikimbilie huko.

Rudini 1999. George W. Bush alikuwa gavana wa Texas, na jina lake lilitajwa mapema kuliko ya wote. Kufikia katikati ya mwaka alishakusanya zaidi ya dola milioni 35. Elizabeth Dole, mwanasiasa mwenye jina kubwa, akajitoa Oktoba akisema wazi kwamba fedha zimemshinda. Hakuna mpiga kura hata mmoja aliyekuwa ameulizwa! Uvumi ule haukutabiri kitu; ulifunga bomba la fedha kwa wengine. McCain alipomshinda Bush New Hampshire kwa pointi 18 hivi, mwezi Februari 2000, Bush aliyumba lakini hakuanguka, kwa sababu alikuwa na akiba, na magavana wengi wa chama walishajifunga kwake hadharani.

Hapo ndipo mimi naona tofauti. 1999 wakubwa wa chama walikubaliana, wakaweka majina yao mezani. 2007 walikuwa wamegawanyika, kwa hiyo tafiti zikabaki kupima nani anajulikana. (Zile kura za majaribio, zisizo na nguvu yoyote, kwenye mkutano wa wahafidhina wa CPAC ndizo hazipimi kitu kabisa: Seneta Rand Paul alizishinda 2013, 2014 na 2015, akaaga mbio za 2016 mara tu baada ya Iowa, jimbo la kwanza kupiga kura.)

Kwa miaka kadhaa nilishika kanuni hiyo: achana na asilimia, hesabu magavana na maseneta. Bado naiona bora kuliko nyingine. Lakini 2015 iliitia doa. Kamati iliyomuunga mkono Jeb Bush, gavana wa zamani wa Florida na mdogo wake George W., ilikusanya zaidi ya dola milioni 100 katika nusu ya kwanza ya mwaka, na mwisho wa safari alikuwa na wajumbe 4 tu wa mkutano mkuu wa chama, wale wanaomteua mgombea. Wakubwa wengi walikaa pembeni wakingoja nani atachomoza kati ya wagombea 17. Seneta wa kwanza kusimama na Donald Trump, Jeff Sessions wa Alabama, alijitokeza 28 Februari 2016. Trump alikuwa ameshashinda New Hampshire, South Carolina na Nevada.

Nakaribisha maswali.