Uhaba wa Watu au Uhaba wa Mshahara?

Mhadhara kwa wanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa mwisho, Mombasa

Wanangu, karibuni. Walioko nyuma sogeeni mbele, viti vipo, na hiki kipaza sauti hakifiki huko.

Jambo hili nimewaambia waliowatangulia, na nyinyi mtalisikia. Mkiambiwa Uingereza ina orodha ya kazi zenye uhaba, msikimbilie kuuliza kama kazi yenu imo. Ulizeni kwanza: ikiwa imo, mwajiri anaruhusiwa kufanya nini ambacho jana alikatazwa? Orodha ile iliandikwa kwa faida ya mwajiri. Wewe umo kama mzigo unavyokuwemo kwenye hati ya meli.

Mpaka Aprili 2024, kazi ikiingia kwenye orodha, mwajiri aliweza kumlipa mgeni asilimia 80 ya mshahara uliowekwa kwa kazi hiyo, mradi asishuke chini ya kima fulani, na viza ikatoka. Asilimia 80! Nendeni soko la Kongowea siku nyanya zimeadimika, mnitafutie mama mmoja aliyeshusha bei kwa sababu nyanya hazipo. Hamtampata. Lakini huku watu wameadimika, na bei yao ikashushwa kwa sheria. Sasa niambieni, hapo kilichoadimika ni nini?

Msidhani nawasingizia. MAC, kamati ya wataalamu inayoishauri serikali yao kuhusu uhamiaji, ndiyo iliyopendekeza punguzo hilo lifutwe. Na kuhusu kazi ya kutunza wazee kamati hiyohiyo ilisema wazi kwamba watu hawapatikani kwa sababu malipo ni madogo. Februari 2022 kazi hiyo ikaingizwa kwenye orodha hata hivyo, kwa kima cha chini cha pauni 20,480 kwa mwaka. Watu wetu wakaruka.

Namwona pale anayesema moyoni, "Mwalimu, mimi ni nesi, hayo ya wazee yananihusu nini?" Ni kweli, manesi wa hospitali za umma kule wanalipwa kwa ngazi za taifa, punguzo lile halikuwagusa. Na Kenya ina makubaliano yake na Uingereza kuhusu wauguzi tangu Julai 2021, serikali kwa serikali. Lakini wangapi wenye leseni walichoka kungoja mlango huo, wakapitia ule wa kutunza wazee?

Mmoja alikaa darasa hilihili. Mikono yake kwenye sindano ilikuwa myepesi, watoto hawalii. Alimaliza, akapata leseni, akakaa miaka mitatu bila ajira. Wakala akamuuzia cheti cha udhamini, ile COS, hati ya mwajiri ya kuombea viza, kwa shilingi milioni moja na laki mbili. Familia ikauza kiwanja. Barua ya kazi aliniletea niione, saa 39 kwa wiki, muhuri, sahihi, kila kitu. Nami nikampongeza. Hilo linaniuma mpaka leo, maana sikumuuliza alilipa nini wala alimlipa nani.

Alipofika, saa 39 zilibaki kwenye karatasi. Ratiba ilikuja kwa simu usiku: nyumba hii robo saa, nyumba ile nusu saa, na katikati mwendo wa basi na miguu usiolipwa. Kuna wiki alilipwa saa 11. Alipolalamika akaambiwa viza yake iko mikononi mwa kampuni, na ilikuwa kweli. Kisha kampuni ikanyang'anywa leseni ya kudhamini wageni, na yeye ambaye hakukosa lolote akapokea barua: siku 60 atafute mdhamini mwingine au aondoke. Siku 60, kwa mtu asiyejua hata mtaa wa pili.

Hebu nisikilizeni hapa. Cheti cha udhamini hakiuzwi. Anayekigharamia ni mwajiri. Ukiona kina bei, huyo anayekuuzia si mdhamini wako.

Muda unakwenda, haya mengine nayapitia mbio. Machi 2024 watunza wazee wapya walikatazwa kwenda na mume, mke au watoto. Tarehe 22 Julai 2025 mlango wa kuajiri watunza wazee kutoka nje ukafungwa kabisa. Ndani ya miaka mitatu na nusu mlango umefunguliwa na kufungwa, na kiwanja hakirudi. Atakayewaambia leo kwamba bado anazo nafasi za kutunza wazee kule, mwulizeni amezipata wapi.

Wenzetu wa Tanzania na Uganda mlioko hapa: nchi zenu zimo katika orodha ya WHO, Shirika la Afya Duniani, ya 2023, nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya. Wewe mwenyewe hukatazwi kuomba kazi, ila mwajiri wa Uingereza haruhusiwi kuja kuwasaka huko. Wakala anayefanya semina hotelini Dar es Salaam anajua hilo.

Ujerumani: Septemba 2024 Kenya ilitia saini makubaliano na Berlin, zikavuma habari za nafasi laki mbili na nusu. Wizara yao ya mambo ya ndani ikakanusha, makubaliano hayana idadi yoyote. Kinachotakiwa kule ni cheti chako kutambuliwa, na Kijerumani cha kueleweka wodini. Anzeni na Kijerumani.

Kuhusu Ghuba nilitaka kusema mengi, lakini mlinzi ananionyesha saa.

Ila hili la nyumbani siliachi. Wodi zetu zina nesi mmoja kwa wagonjwa hata 40 usiku, na wenye leseni wako majumbani mwao wanauza mitumba. Huo nao unaitwa uhaba. Kaunti ikitangaza nafasi kumi, fomu zinajaa meza. Watu wapo, kilichokosekana ni fungu la mshahara.

Sasa, kuna watatu hapa najua mna barua za kazi kwenye mikoba. Msione haya. Njooni nazo hapa mezani tuzisome mstari kwa mstari, tuanze na jina la mwajiri na saa za kazi, na mniambie mmelipa kiasi gani.