Wells kwa Macho ya Mwashi

Mabibi na mabwana, wazee wangu, na nyinyi vijana mliokosa viti mkasimama nyuma, asanteni kwa kuja.

Nimeombwa nizungumze juu ya mji wa Wells, ulio kusini ya hapa Bristol, mwendo wa basi wa saa moja na ushei. Wengi wenu mmekaa mkoa huu miaka mingi na hamjaufika. Wageni wakija kutoka Mombasa au Dar es Salaam mnawapeleka London, mnawapeleka Bath, basi. Leo nataka mwongeze Wells, tena muutangulize.

Mimi ni mwashi. Kazi nilifundishwa Lamu, kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na huku nimekuwa nikitengeneza kuta za zamani. Kwa hiyo nitasema ninachokiona pale kama mtu aliyeshika mwiko. Hoja yangu ni moja: vitu vizuri vya Wells, karibu vyote, vilizaliwa na matatizo. Jengo lilitaka kuanguka, watu waligombana, maradhi yaliingia, na kila mara wakaaji wa pale walilitatua tatizo mbele ya macho ya watu, jawabu likabaki hadi leo. Mgeni asiyejua hivyo atapiga picha na kuondoka.

Mji wenyewe una watu kama 12,000. Kwetu tungeuita mji mdogo, lakini kwa sheria za huku ni jiji, kwa ajili ya kanisa kuu lake na haki za tangu kale. Ukiiacha ile City of London, yaani kile kipande kidogo cha katikati ya London, katika England hakuna jiji dogo kuliko hilo.

Tuanze na maji, kwa sababu bila maji pasingekuwa na mji. Juu yake kuna vilima vya Mendip, vya mawe ya chokaa. Mvua ikinyesha kule haikai juu. Inazama kwenye mianya, inapita mapangoni, halafu inaibuka chini, katika bustani ya jumba la askofu, safi na kwa nguvu. Sisi wa Lamu tunalielewa jambo hili bila kuelezwa, maana mji wetu nao umeishi kwa maji matamu yaliyo chini ya machuguu ya mchanga wa Shela. Mfalme Ine alianzisha kanisa karibu na chemchemi hizo mwaka 705. Kanisa kuu linalosimama leo lilianza kujengwa kama mwaka 1175, likawekwa wakfu mwaka 1239.

Ukifika, usiingie ndani kwanza. Simama uwanjani, utazame uso wa magharibi. Kuna sanamu kama 300 za zama zile, zimepangwa safu juu ya safu: malaika, mitume, wafalme, maaskofu. Jiwe lilitoka machimbo ya Doulting, kama kilomita 13 kutoka hapo. Ni jiwe la chokaa, laini kwa patasi likiwa bichi, na linakomaa likishapigwa na hewa. Lakini mvua inalila. Mtaona nyuso zisizo na pua, mikono iliyokatika. Nyingine hazikuliwa na mvua. Mwaka 1685 wafuasi wa Monmouth waliomwasi mfalme waliingia mjini, wakabandua madini ya risasi kwenye paa watengeneze risasi za bunduki, wakavunja sanamu. Hapo zamani sanamu hizi zilikuwa na rangi, na ukutani kuna matundu yaliyofichwa nyuma ya malaika. Sikukuu ya Matawi waimbaji walisimama ndani wakaimba kupitia matundu hayo, na aliye uwanjani akasikia ukuta unaimba. Mwashi aliyeyaacha matundu yale alijua anamjengea nani.

Sasa ingieni. Mkishapita mlangoni mtakiona kitu kilichonifanya nirudi pale tena na tena, na nitakaa juu yake kidogo, mniwie radhi.

Mwaka 1315 walianza kuuinua mnara wa katikati. Ulipokamilika mwaka 1322 wakauvika kilele cha mbao kilichofunikwa kwa risasi. Uzito ulikuwa mkubwa kuliko misingi ilivyokusudiwa. Mnara ukaanza kuzama na kuinama, nyufa zikatokea. Fikirini hali ya mafundi wale. Hawakuwa na zege wala vyuma vya kuingiza chini ya msingi. Kuubomoa mnara ni kukubali hasara ya miaka na aibu ya vizazi. Kuuacha ni kungoja uwaangukie watu wakisali.

Mwashi mkuu, William Joy, alifanya jambo ambalo sijaliona mfano wake. Kati ya mwaka 1338 na 1348, chini ya mnara, alijenga tao kubwa lililochongoka, halafu juu ya ncha yake akageuza tao jingine miguu juu kichwa chini, yakakutana katikati kama mkasi uliofunguliwa. Pembeni akaacha matundu mawili ya duara. Akafanya hivyo pande tatu. Nguzo zilizokuwa zikijipinda kuelekea ndani zikazuiwa, na mzigo wa upande unaozama ukapelekwa kwenye upande wenye msingi imara. Yale matundu ya duara si pambo tu. Yanapunguza uzito pale ambapo jiwe halihitajiki.

Nimewasikia watu wakisema matao yale yanaziba mandhari ya kanisa. Siwaafiki hata kidogo. Kazi ya namna ile wengine wangeifunika kwa lipu. Joy aliiweka katikati, mahali ambapo kila aingiaye lazima aione, akaichonga kwa uangalifu uleule waliochongea altare. Mnara umesimama juu ya kazi ile kwa miaka karibu 700.

Na tusidhani sisi tulikuwa mbali na mambo haya. Mwaka 1331 yule msafiri Ibn Battuta alitia nanga Kilwa, akamkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yuleyule aliyeupanua Msikiti Mkuu kwa kuba na matao. Hiyo ni miaka saba tu kabla ya Joy kuanza. Waashi wa pwani yetu na waashi wa Wells walikuwa wakipambana na kitu kimoja kwa wakati mmoja, yaani uzito unaotafuta njia ya kushuka. Upanuzi wa Kilwa nao ulianguka, ukajengwa upya karne ya 15. Vijana mnaosoma uhandisi hapa Bristol, mkiandika juu ya Wells andikeni na Kilwa kwenye ukurasa uleule.

Mwaka matao yalipokamilika ndio mwaka tauni iliyoua watu Ulaya nzima ilipoingia England. Askofu wa Wells wakati huo aliitwa Ralph. Mapadri walikufa kwa wingi, waliobaki wakaogopa kuwaendea wagonjwa. Mwezi wa Januari 1349 Ralph aliandika barua kwa jimbo lake: mtu anayekaribia kufa asipompata padri, aungame kwa mtu yeyote, hata kwa mwanamke. Kwa kanisa la zama zile hilo lilikuwa neno zito sana, na mimi humheshimu kwa ajili yake.

Ralph huyohuyo ndiye aliyejenga Vicars' Close, mtaa ulio upande wa kaskazini. Waimbaji wa kanisa walikuwa wakipanga vyumba ovyo mjini, na mwenendo wao ukawa unalalamikiwa. Mwaka 1348 akaanza kuwajengea nyumba zao, safu mbili zikitazamana, 42 kwa jumla, kila mmoja na yake kwa sababu hawakuruhusiwa kuoa. Baada ya mageuzi ya dini wakaruhusiwa, familia zikahitaji nafasi, kuta za kati zikatobolewa, ndiyo maana leo nyumba ni 27. Tembeeni kutoka chini hadi juu, kisha geukeni mtazame mlikotoka. Kutoka chini mtaa ulionekana mrefu. Kutoka juu umefupika ghafla. Si macho yenu. Upana wake unapungua kama mita tatu kuelekea juu. Na hadi leo wanaoishi mle wengi ni waimbaji na watumishi wa kanisa. Ni kazi ileile na nyumba zilezile kwa miaka zaidi ya 650. Mji Mkongwe wetu tunaupigania usigeuke hoteli tupu, na hapa pana mtaa wa kwenda kuuliza wamefanyaje.

Ndani ya kanisa kuna saa ya kama mwaka 1390, watoto wataipenda kuliko vyote, maana kila robo saa mashujaa wa farasi wanazunguka na mmoja anapigwa anaanguka. Uso wake ni wa asili. Duara la nje lina saa 24, adhuhuri juu na usiku wa manane chini, na jua la dhahabu linazunguka nchi iliyotulia, kama walivyoamini wakati ule. Mitambo ya kwanza iko Makumbusho ya Sayansi, London.

Lakini msiuache mkono wa kusini wa kanisa. Inueni macho. Juu ya nguzo, kwenye majani ya mawe, wachongaji wameweka watu wa kawaida. Mmoja anaumwa jino, kidole kimeingia mdomoni. Mwingine anatoa mwiba mguuni. Na kwenye nguzo moja kuna kisa kizima: wezi wawili wanaiba zabibu, mwenye shamba anawafukuza, mmoja anakamatwa, anapigwa. Nje tumeona wafalme na maaskofu. Humu mchongaji aliwaweka jirani zake. Mimi huzipenda nguzo hizi kuliko uso wote wa magharibi.

Kuna mwenzangu mmoja aliniuliza kama sisi Waislamu inafaa kuingia. Mimi ni Mwislamu, na naingia kutazama kazi ya mkono. Hakuna aliyewahi kuniuliza dini yangu. Ingieni kwa adabu, kama tunavyotaka mgeni aingie misikitini kwetu.

Jumba la askofu liko kusini ya kanisa, nalo limezungukwa na handaki la maji na ukuta. Ukuta huo ni wa Ralph pia, wa miaka ya 1340, na hakujilinda na adui wa nje. Alikuwa na ugomvi na wenyeji wake. Mwaka 1831, hapa hapa Bristol, watu wenye hasira ya kunyimwa kura walilichoma moto jumba la askofu wa Bristol, na kule Wells daraja likainuliwa kwa hofu. Kwa hiyo mnapowatazama wale batamaji wanaovuta kamba ya kengele waletewe chakula, kumbukeni handaki lile lilichimbwa kwa sababu gani.

Miaka mia moja baada ya Ralph alikuja Askofu Beckington, naye akachukua njia nyingine. Mwaka 1451 aliwapa wenyeji haki ya kuchukua maji ya chemchemi za bustanini mwake, yakapitishwa kwa mfereji hadi sokoni. Maji hayo bado yanakimbia kwenye mifereji ya High Street, pembeni mwa njia ya miguu. Karibu na hapo, sokoni, kuna alama ardhini ya mita 6.76. Huo ni mruko wa Mary Rand, binti wa Wells, aliyechukua dhahabu ya Olimpiki na rekodi ya dunia Tokyo mwaka 1964. Wapeni watoto wajaribu.

Mambo ya safari ni machache. Treni hakuna, njia ya reli ya abiria ilifungwa mwaka 1963, kwa hiyo pandeni basi. Soko ni Jumatano na Jumamosi. Fikeni asubuhi, na msiondoke saa tisa alasiri pamoja na mabasi ya watalii. Jioni kwaya huimba ibada, hakuna kiingilio, na mwaweza kuketi mkasikiliza sauti ikipita chini ya matao ya Joy. Ila ulizeni mapema saa ya basi la mwisho, hasa Jumapili.

Naona mikono imeshainuliwa. Tuanze na yule mama pale mbele.