Beetle Katika Joto la Dar: Hewa Kwanza, Mbio Baadaye

Mabibi na mabwana, karibuni. Gari hili, Volkswagen Beetle la zamani, tunalianzia sakafuni, maana ndiko linakofia. Injini ya Beetle inashikwa na bolti nne tu, unaishusha na kuirudisha siku hiyohiyo. Bodi iliyooza inakula miezi, na kwa magari yaliyolala Kigamboni au Kunduchi, chumvi ya bahari haikulala nayo.

Inueni kiti cha nyuma, upande wa kulia, betri inapokaa. Toeni betri, mgonge bati kwa kitako cha bisibisi. Bati zima hulia kwa sauti kali. Lililooza hutoa sauti nzito, na ukigeuza bisibisi na kusukuma, inapenya na kurudi na unga mwekundu. Asidi imekula kwa juu, unyevu kwa chini. Fundi asibandike kiraka juu ya kutu na kukifunika kwa puti. Baada ya masika mawili kutu itatokea pembeni. Akate mpaka bati linalong'aa, ndipo achomelee sakafu mpya.

Kigumu zaidi ni kizingiti cha chini ya mlango, ambacho ndani yake ni mfereji wa hewa ya hita. Ndicho kinachozuia bodi isipinde. Ukikata vizingiti vya pande zote mbili kwa pamoja, bodi inalala katikati na milango haifungi tena. Kwanza shikizeni bomba la chuma kwa ndani, toka nguzo ya mbele hadi ya nyuma. Fanyeni upande mmoja mpaka uishe, mkifunga na kufungua mlango kila hatua.

Injini haina rejeta, inapozwa kwa hewa ya feni. Feni inazungushwa na mkanda uleule wa dainamo, kwa hiyo taa nyekundu ya chaji ikiwaka barabarani, simameni hapohapo: huenda mkanda umekatika, na injini haipati hewa. Mkanda ukibonyezwa kwa kidole gumba ushuke kama sentimita 1.5.

Yale mabati meusi yanayoizunguka injini, pamoja na mpira wa pembeni, yanazuia hewa ya moto ya chini isirudi kwenye feni. Yakivuliwa, jambo linalofanywa mno, basi kwenye foleni ya Ubungo injini inavuta hewa iliyokwisha kupikwa. Maboksi ya hita yanaweza kutolewa, nani anayahitaji Dar? Lakini matundu mawili ya feni yaliyokuwa yakiyalisha lazima yazibwe, la sivyo hewa ya silinda inamwagika nje.

Silinda namba 3 ndiyo inayoteseka. Kwenye injini za zamani, kipoza oili kimesimama ndani ya nyumba ya feni na kuizuilia silinda hiyo hewa yake. Modeli za 1971 zilikihamisha, zikaongezewa feni pana. Kuweka mfumo huo kwenye injini ya zamani kuna faida hapa kuliko kabureta mbili. Valvu ziwe na nafasi ya milimita 0.15, injini ikiwa baridi kabisa, zikaguliwe kila kilomita 5,000 oili inapobadilishwa, lita 2.5. Nafasi ikiisha, valvu ya ekzosi haikai vizuri kwenye kiti chake, inaungua, kichwa cha valvu kinakatika na kutoboa pistoni.

Wanaotaka nguvu huuliza kuhusu pistoni za milimita 87, zinazofanya injini ya cc 1600 kuwa 1641. Zile zinazoingia bila kuchonga bloku ya injini zina silinda nyembamba, zinapinda kwa joto. Kwa mji huu tubaki na zile za kawaida za milimita 85.5, fedha iende kwenye breki za diski za mbele.

Mwisho, bomba la petroli. Badilisheni mipira yote, kila muunganiko uwe na klipu, na chujio la plastiki litoke karibu na injini. Kagueni pia kibomba cha shaba kinachoingiza petroli kwenye kabureta: kikichezacheza kwa vidole, kikazwe upya kabla gari halijawashwa, kwa sababu kikichomoka petroli inamwagikia distributa.