Glarus: kura inapigwa kwa mikono juu

Haya jamaa zangu, karibuni tena. Samahani kwa upepo, maiki leo inanisaliti. Nipo Glarus, jimbo moja la Uswisi, Jumapili ya kwanza ya Mei, na hawa mnaowaona nyuma yangu wamejaa uwanjani si mashabiki wa mpira. Ni wapiga kura. Wanatunga sheria wenyewe.

Baraza hili linaitwa Landsgemeinde. Kijitabu cha miswada kinamfikia mtu nyumbani mapema, anakisoma, halafu anakuja na kadi yake ya kura, ndiyo anayoinua juu. Mimi mgeni, sina kadi, nimewekwa pembeni na watazamaji. Ngoja nivute kamera: mnamwona yule binti wa koti la bluu? Hata shule hajamaliza. Hapa unapiga kura ukiwa na miaka 16, na waliopitisha hilo mwaka 2007 ni baraza hili hili.

Sasa kilichonikosha. Huletewi mswada useme ndiyo au hapana tu. Unapanda jukwaani, unasema kifungu fulani kibadilishwe hivi, na watu wanaamua papo hapo. Mwaka 2006 serikali ya jimbo ilipendekeza manispaa 25 ziunganishwe zibaki 10. Mtu mmoja akasimama: kwa nini 10? Ziwe 3! Baraza likakubali. Waliokereka wakadai baraza maalumu mwaka uliofuata, wakabwagwa tena. Tangu 2011 ni 3.

Kadi hizo hazihesabiwi, jamani. Anayeongoza baraza, Landammann, anazitupia jicho na kukadiria. Zikikaribiana, anawauliza wenzake serikalini. Hapo mimi nagoma kidogo: bosi wako amesimama hatua mbili nyuma yako, anaona ulivyoinua mkono. Siri iko wapi?

Kura za taifa zima ni za karatasi, wengi wanatuma kwa posta. Sheria ya bunge ikiwakera, wanakusanya sahihi 50,000 ndani ya siku 100, inarudi kwa wananchi. Kugusa katiba ni sahihi 100,000, miezi 18. Na msidhani mtu akipewa rungu atajipendelea: 2012 waliulizwa kama wanataka likizo ya wiki 6 kwa mwaka. Theluthi mbili wakakataa! Mimi ningeinua mikono yote miwili.

Hee, kadi zimepanda. Wa ndiyo hao... sasa wa hapana. Mbona naona zinalingana? Semeni nyie wenye macho makali, imepita?